Jachen Haitikii Salamu

Plansura, Ijumaa, 1 Julai 2011

Shemeji Mengia,

Barua hii nimeichomeka chini ya mikate, upande wa kushoto wa kreti, ili mvua isiilowanishe na ili yule mzee wa kituo cha chini asiisome kabla yako. Unijibu kwa njia hiyohiyo, kamba ya chuma inayokupandishia mizigo mlimani ikishuka Jumanne. Najua huko kwenye kibanda chako cha wapanda mlima simu hazishiki, na redio yako ni ya watu waliovunjika miguu, si ya umbea.

Sisi huku wazima. Kaburi la dada yako nimelipandia maua mapya, yale ya zamani yaliliwa na mbuzi wa jirani. Nimekwisha kumsema huyo jirani mpaka akakoma.

Sasa nisikilize. Tangu mwaka 1990, Jachen na mimi tulipoleta kijijini baiskeli mbili za kwanza za mlimani na watu wakatucheka, sijakosa kiangazi hata kimoja kuuzunguka mlima pamoja naye. Wewe unaijua safari yetu. Barabara ya malisho hadi mlangoni kwako, supu ya shayiri, baiskeli begani hadi juu kwenye mpito wa mlima, Fuorcla Naira, kisha Tschinta, ule mkanda wa njia uliochongwa ubavuni mwa jabali, upana wake kama meza yako ya jikoni, halafu kona mia moja na mbili za kushuka msituni hadi kwenye chemchemi ya kijiji. Theluji ikishayeyuka, mzunguko wa kwanza wa mwaka siku zote ni wetu sisi wawili. Dada yako alipofariki ilikuwa Mei. Juni Jachen alikuja akanigongea mlango, akasema, "Vaa viatu." Nikavaa. Sijawahi kumwambia, lakini bila siku ile sijui ningekuwa wapi.

Mwaka huu amezunguka bila mimi. Nimeambiwa na muuza maziwa! Nilipomuuliza akanijibu, "Nilikuwa na haraka." Haraka ya nini, mtu aliyestaafu miaka minne iliyopita?

Ana lake jambo huyu. Niangalizie kitabu cha wageni: anapita siku gani, saa ngapi, na nani. Na je, kweli anaendelea kwenda Fuorcla, au anakula supu yako, anageuza kwa barabara ya malisho, kisha anakuja kujigamba kijijini?

Wako,
Balser


Kibandani, Jumanne, 5 Julai

Shemeji Balser,

Mimi kazi yangu ni kupika supu, si upelelezi. Lakini kwa kuwa mikate ilikuwa bado ya moto na barua yako ilinukia vizuri, nimekitazama kitabu.

Jachen amepita mara tatu, peke yake, siku za kazi, mapema, kabla ya wageni. Kila mara ameandika "naelekea Fuorcla". Nimemwona kwa macho yangu akipanda na baiskeli begani. Ameandika kwa herufi kubwa hadi amekula mistari miwili, utadhani anasaini mkataba wa nchi na nchi. Zaidi ya hapo alimwaga kahawa pembeni ya kikombe, nikamtania kwamba ameanza kulewa asubuhi. Hakucheka.

Kama amekuudhi, mwambie. Nyumba zenu zimeachana hatua themanini tu.

Niletee vitunguu Ijumaa, na si vile vidogo.

Mengia


Plansura, 8 Julai

Mengia,

Ni Jachen. Samahani kwa maandishi haya makubwa. Naandika kwa kalamu nene ya kuwekea alama mbao, ukurasa mmoja maneno ishirini. Nitamaliza daftari zima, lakini nina deni la maelezo kwako kwa kuondoka kwangu bila kuaga juzi.

Sikuwa nimelewa. Kikombe sikukiona.

Ni macho, yote mawili. Daktari wa mjini Chur ameniambia tangu Februari. Pembeni naona: anga, ukingo wa njia, rangi ya majani. Katikati pana doa la kijivu, na kila nikitazama kitu, doa linakaa juu yake. Nyuso sizioni tena. Namjua mtu kwa mwendo na sauti. Hakuna dawa. Doa litakua.

Usiniambie niache baiskeli. Njia ile naijua kwa magoti na viganja. Najua jiwe gani linatikisa usukani na kona ipi ina mzizi. Nisipotazama mbele, nikaacha macho yaelee, nauona ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, na katikati yake ndimo nipitamo. Naenda polepole kuliko ng'ombe.

Binti yangu akijua, nitakuwa Zürich kabla ya wiki kwisha, ghorofa ya tano, karibu na kituo cha tramu. Ananipenda, ndiyo hatari yenyewe. Nataka kiangazi hiki kimoja tu. Theluji ya kwanza ikianguka nitawaambia wote mwenyewe.

Balser naye asijue. Hasa yeye. Niapie.

Jachen


KIBANDANI, 12 JULAI

JACHEN,

NAANDIKA KUBWA ILI USOME MWENYEWE. NIMEAPA. LAKINI KILA UKIPITA UTANIPIGIA KENGELE YA MLANGO, UKIFIKA CHINI SALAMA UTAWEKA KITAMBAA CHEUPE KWENYE KRETI. KISIPOKUJA, NAITA HELIKOPTA NA NDEGE ZOTE ZA JESHI.

NA MWAMBIE BALSER, MJINGA WEWE. ANAUMIA.

MENGIA


Plansura, Ijumaa, 22 Julai

Shemeji,

Vitunguu hivyo, vimechelewa lakini ni vikubwa kama ulivyotaka. Sasa na wewe nipe ukweli mkubwa kama vitunguu vyangu.

Jumanne nilikuwa nimeketi kwenye chemchemi, nimeweka mguu wangu majini kwa sababu ya goti. Jachen akatokea njiani na baiskeli, amevaa miwani nyeusi kama mwimbaji. Akanipita hatua mbili! Nikamsalimu "Allegra", kama mtu yeyote wa bonde hili anavyomwambia hata mbwa wa jirani. Kimya. Nikarudia kwa sauti. Maji yalikuwa yanapiga kelele, sikatai, lakini alinigeuzia uso kabisa, akanitazama, akajitia hamnazo, akaenda zake. Mke wa mwoka mikate aliona. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinaniuliza tumegombania nini.

Miaka sitini na mbili nimeishi hapa. Watu walioshtakiana mahakamani kwa mpaka wa shamba wanaambiana Allegra.

Kisha siku hiyohiyo namkuta yule mzee wa kituo cha chini anatia kitambaa cheupe kwenye kreti, anakipandisha kwako. Namuuliza, anasema, "Cha Jachen. Hata wiki iliyopita alipeleka." Kitambaa cheupe! Mengia, mimi si mtoto. Wewe ni mjane, yeye ni mjane. Kama kuna jambo kati yenu, ni haki yenu, nami nitainua glasi kwa afya yenu. Lakini msinifanye bwege. Anapanda kwako siku za kazi, mapema kabla ya wageni. Nani alisema hivyo? Wewe mwenyewe.

Na sasa nadhani najua kwa nini hataki niwe naye. Hazunguki. Anaishia kwako. Kitabu chako kinaandika Fuorcla, naye viatu vyake viko chini ya meza yako.

Balser


Kibandani, 26 Julai

Balser,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa kusimama, kwa hasira.

Mimi na Jachen! Mtu anayekula supu kwa kelele kama yule. Kama dada yangu angekuwa hai, angekupiga na mwiko.

Kitambaa ni ishara kwamba amefika chini salama. Mtu wa miaka sitini na nne anapita Tschinta peke yake, nami ndiye niliyemwomba anijulishe. Basi. Kuna jambo jingine, siwezi kulisema, si langu. Usiniulize tena. Muulize yeye, uso kwa uso, na usimuulize barabarani kama askari. Nenda kwake, kaa, na jitaje kwa jina unapoingia.

Mengia


Plansura, Jumamosi, 30 Julai

Jachen,

Naipitisha barua hii chini ya mlango wako kwa sababu nikiongea nitapiga kelele.

Nimekukosea nini? Kama ni lile paa la ghala, nilishalitengeneza. Kama nilisema neno nikiwa nimekunywa, silikumbuki, naomba unikumbushe. Tangu mke wangu afariki, sina mtu ninayeweza kukaa naye kimya kilomita arobaini na tatu. Ni wewe tu. Ukinichoka, niambie umenichoka. Ukiwa na mtu, niambie una mtu. Lakini usinipite kama jiwe.

Nijibu hata kwa neno moja. Nakusubiri hadi Jumamosi ijayo.

Balser


Plansura, 5 Agosti

Mengia,

Barua imepita chini ya mlango. Kwa harufu ya mbao ni ya Balser. Ameandika kwa penseli yake ya useremala, herufi kama chawa. Nimeiweka dirishani, juani, chini ya lenzi ya marehemu baba, nimepata neno "paa" na neno "jiwe". Atakuwa anataka kunidai vigae vyake.

Siwezi kumpa jirani anisomee. Nitakuja nayo Jumanne, unisomee wewe.

Jachen


Plansura, Jumanne, 9 Agosti, asubuhi

Shemeji,

Hakunijibu. Nilisubiri siku zote alizopewa na mbili za ziada. Juzi kanisani alipita mbele ya benchi langu, mkono wangu umenyooshwa, akauacha hewani.

Nimemaliza kuuliza, sasa nahakikisha. Jana nilipanda kutoka upande wa kijiji, kona zote mia moja na mbili, goti langu likilia, hadi katikati ya Tschinta, pale unapoanza mnyororo wa kushikilia uliopigiliwa jabalini. Nilibeba mti mwembamba wa msonobari, ule wa uzio wangu, niliouchonga ncha. Nimeulaza kukata njia, usawa wa goti, ncha moja kwenye ufa wa jabali, nyingine kwenye pete ya mnyororo. Mtu akipita kweli, lazima ashuke, aunyanyue, aupitishe nyuma yake. Nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zote, nitajua hata ukisogezwa kidogo tu. Leo jioni napanda kuukagua.

Usiogope kwa ajili ya wageni. Siku za kazi, na mvua hii ya wiki nzima, hapiti mtu. Na mwenye macho yake anauona hatua arobaini kabla.

Mti ukiwa palepale jioni, nitasimama kwenye chemchemi Jumapili baada ya ibada, nitasema mbele ya watu wote kwamba Jachen ni mwongo, hajavuka Fuorcla mwaka huu.

Balser


Kibandani, Ijumaa, 12 Agosti

Balser,

Yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua askari wa uokoaji hawajakuambia zaidi.

Sasa soma yote, usiruke.

Jachen haoni. Tangu Februari ana doa katikati ya macho yote mawili. Haoni uso, haoni herufi, haoni mkono ulionyooshwa kanisani. Pale chemchemini hakukupuuza. Alisikia maji na sauti ndani ya maji, akageuka kuitafuta, akakutazama bila kukuona. Aliniapisha nisikuambie. Wewe ndiye ambaye alitaka usijue kuliko wote.

Barua yako hakuijibu kwa sababu hakuweza kuisoma. Umemwandikia kwa penseli.

Jumanne alifika kwangu saa tatu asubuhi, akaitoa kifuani, nikamsomea. Nilipofika pale pa kukaa kimya kilomita arobaini na tatu aliniomba nisiendelee kwanza. Nimemjua miaka thelathini, sijawahi kumwona akilia. Akasema, "Leo nikishuka naenda kwa Balser moja kwa moja, hata helmeti sivui. Nitamwambia kila kitu." Akanywa kahawa, akanitania habari za chumvi, akaondoka saa nne, mwepesi kama kijana. Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye mawe.

Kreti ilifika saa nne na dakika arobaini. Nilianza na mikate. Barua nilikuja kuisoma baadaye, nikiwa nimesimama, kisu mkononi.

Nilikimbia na redio. Umri wangu ni hamsini na tatu, na sijui nilifikaje Fuorcla. Nilimkuta chini ya njia, mita nne, kwenye kile kijukwaa cha majani. Hatua mbili zaidi na tungekuwa tunazungumza habari za jeneza. Baiskeli ilikwenda hadi bondeni. Nyonga imevunjika, mbavu tatu, kifundo cha mkono. Alikuwa macho. Mti wako alikuwa ameushika kwa mkono mzima, aliuvuta akaanguka nao. Alikuwa anaupapasa kwa kidole gumba, kwenye ile ncha uliyoichonga. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Watu wa helikopta, waliozuiliwa na ukungu hadi jioni, niliwaambia ameteleza kwenye jiwe bichi. Walipoondoka niliubeba mti wako begani, nikaukata vipande saba, nikauchoma jikoni. Hakuna anayejua ila wewe, mimi, na huenda yeye.

Sijafanya hivyo kwa ajili yako. Sijui kwa nini nimefanya. Mimi nami nimo, ningevunja kiapo Julai, mti usingewekwa njiani. Lakini leo sitaki kukuona, Balser. Mikate mpe mzee wa kituo aipandishe.

Mengia


Plansura, 16 Agosti

Jachen,

Najua barua hii utasomewa na mtu nisiyemjua. Wewe unayesoma, muuguzi au yeyote, nakuomba usome kila neno, usiniokoe.

Mimi ndiye niliyeuweka ule mti. Katikati ya Tschinta, usawa wa goti, kwa mikono yangu. Nilitaka kukukamata. Nilidhani unadanganya kitabu cha wageni, nilidhani una mambo na Mengia, nilidhani umenichoka. Nilidhani kila kitu isipokuwa kwamba unaumwa. Miezi miwili nilikuchunguza kwa darubini kutoka dirishani kwangu, wala sikuona kwamba unapapasa ukuta wa kanisa ukipita.

Siku ile jioni nilipanda, kama nilivyopanga. Kwenye kona ya themanini nikasikia helikopta inaondoka, nikageuka nikashuka. Sikufika. Niliogopa, nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni.

Nilifika hospitali Jumapili. Nilisimama nje, nikamwona binti yako dirishani, nikashindwa kuingia. Naona haya, Jachen. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo. Ukitaka nikaseme polisi, nitakwenda kwa miguu.

Balser


Hospitali ya bonde, 23 Agosti

Balser,

Mwandishi ni muuguzi. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako, hivyo usilalamike. Anasema mimi niseme, yeye ataandika hata matusi.

Barua yako aliisoma yote. Alipofika kwenye mti alinyamaza, nikamwambia, "Endelea, binti, huyu ni seremala, lazima mti utokee mahali."

Sasa nijibu wewe: mti gani? Mimi sikufika kwenye mti wowote. Nilianguka kona ya kwanza kabisa ya Tschinta, kabla ya mnyororo. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye lile jiwe jeusi ambalo wewe mwenyewe uliliangukia mwaka 1997, ukapoteza jino. Basi usiniharibie jina langu. Mimi nimeangushwa na mlima, sijaangushwa na uzio wa Balser. Ukienda kusema polisi watakucheka, nami nitakuwa wa kwanza.

Huo mti wako utakuwa bado uko huko. Nenda ukautoe kabla mtu hajaumia.

Kuhusu macho. Nilipaswa kukuambia Februari. Sikuogopa utamwambia binti yangu, wewe ukinyamaza unanyamaza kama ukuta. Niliogopa utaanza kunisubiri kwenye kila kona. Utasema, "Jiwe hapo, Jachen. Taratibu, Jachen." Nilitaka kiangazi kimoja zaidi niwe yule ambaye wewe hujawahi kumfikia kwenye mteremko. Badala yake nikakuacha peke yako bila kukuambia kwa nini. Hilo nalo ni kosa, nalo ni langu.

Binti yangu amejua yote. Nahamia Zürich tarehe kumi Septemba. Nyonga itapona, wanasema nitatembea na fimbo. Tramu inapita chini ya dirisha kila dakika saba. Nimeshaanza kuzihesabu kwa kufikiria tu.

Jachen
(Muuguzi anasema na yeye anakusalimia, na kwamba wageni wanaruhusiwa kuingia ndani ya jengo.)


Plansura, 26 Agosti

Shemeji,

Najua hutaki kuniona, na sitapanda. Nijibu jambo moja tu kisha uninyamazie hata mwaka.

Jachen ameandika. Anasema hakuufikia mti. Anasema ameanguka kona ya kwanza, kwenye jiwe jeusi, na mti bado uko njiani. Nimeisoma hadi karatasi imelegea. Kuna saa namwamini, nalala usingizi. Kuna saa nasema, ananidanganya. Halafu nakuwazia wewe, kwamba labda uliniandikia vile kwa hasira, ili niumie, na hakukuwa na mti wowote jikoni kwako. Unaona nilivyo? Hata sasa nashuku, na nashuku watu wawili tu waliobaki wanaonijali.

Yupi kati yenu anasema kweli?

Balser


Kibandani, 30 Agosti

Balser,

Vipande saba. Uliwaka vizuri, ulikuwa mkavu. Kipande chenye alama yako ya penseli ndicho nilichokitia cha mwisho.

Hakuna mti Tschinta. Yeye anajua, kwa sababu ilibidi nimbandue vidole vyake.

Sasa umeujua ukweli, na yeye amekupa mwingine. Chagua utakaoishi nao, lakini usiende kumuuliza. Amefikiria wiki mbili akiwa amelala chali ili akuandikie ile barua.

Jumamosi nitapika supu ya shayiri. Kama ukipita, utapita.

Mengia


Plansura, Jumapili, 4 Septemba

Jachen,

Naandika kwa kalamu nene, lakini najua utasomewa tu. Muuguzi, Allegra kwako, nitaingia ndani safari hii, Jumatano saa nane. Mwambie asijifanye amelala.

Jana nimezunguka, mzunguko mzima, peke yangu. Nimekwenda polepole kuliko ng'ombe, nikitazama kila kitu ili nije nikueleze, maana huku nyuma nilikuwa natazama mgongo wako tu. Kwa Mengia nimekula supu sahani mbili. Aliniwekea, kisha akaniambia nimekonda, nikajua tumepatana. Kupanda Fuorcla nimepumzika mara tisa, usimwambie mtu. Juu kuna theluji mpya kidogo upande wa kivuli. Ng'ombe walikuwa bado malishoni, kengele zao zinasikika hadi kwenye jiwe kubwa na baada ya hapo hazisikiki, sijui kama ulilijua hilo. Nadhani ulilijua.

Kwenye lile jiwe jeusi nimeshuka, nimelipiga teke. Limetukosea wote wawili.

Zürich ni saa mbili na nusu kwa treni, nimeuliza. Nitakuja kila Alhamisi. Utanipeleka kwenye tramu zako, utanieleza moja baada ya nyingine inaelekea wapi, nami nitakusimulia njia, kona kwa kona, mia moja na mbili. Sitakuambia "taratibu" hata mara moja.

Na mti nimeukuta. Ulikuwa palepale nilipouacha, ndugu yangu, ncha zote mbili kwenye alama zake, haujaguswa na mtu. Nimeutoa. Njia sasa ni nyeupe.

Balser